Barua ya wazi kwa wasimamizi wa bustani ya mji wetu: lango lifunguliwe kabla ya Desemba

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri,
Mkurugenzi Mtendaji,
na Waheshimiwa Madiwani wote.

YAH: BUSTANI YA WANANCHI KUFUNGWA MISIMU AMBAYO WANANCHI WANAIHITAJI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimeishi katika mji huu wa Nyanda za Juu Kusini tangu nilipopangiwa kituo changu cha kwanza cha kazi, na kutoka kwangu hadi kwenye bustani ninayoiandikia ni dakika nane kwa miguu. Jina la bustani, la mji na la kampuni iliyokodishiwa nimeyaacha kwa makusudi. Ninyi mnayajua, na mkazi yeyote wa hapa ataitambua bustani kabla hajafika katikati ya barua hii. Sikusudii kumwaibisha mtu. Ninachotaka ni kufuli litoke langoni.

Nisingependa mambo haya yafike hadharani. Februari mwaka huu nilileta barua masijala, ikagongwa mhuri, nakala ninayo. Juni nikaleta ya pili, na humo niliomba kuuona mkataba wa ukodishaji. Septemba nilisimama kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa wetu, nikaambiwa suala langu limechukuliwa. Oktoba nikaleta barua ya tatu. Nilichopata ni simu moja, kijana wa ofisini akiniambia kwa heshima zote, "Mwalimu, vuta subira, linafanyiwa kazi." Sasa ni Novemba. Mvua za kwanza zimeshanyesha, juzi usiku kumbikumbi wamejaa kwenye taa ya barabarani, na wiki chache zijazo shule zinafunga. Nikivuta subira zaidi, msimu mwingine utapita kama uliopita.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Lango linafungwa siku ambazo watu wanakuja.

Tangu nistaafu, kila tarehe 26 Desemba tunakusanya watoto wa mtaa wetu na wa mtaa wa jirani, tunawapeleka bustanini. Wanavuta kamba, wanakimbia na magunia, wasichana wanacheza rede mpaka sauti zinawakauka. Akina mama wanakuja na hotipoti za pilau na chapati, na kwa kuwa ni msimu wa mapichi na maplamu, hakosekani mtu aliyebeba ndoo nzima kutoka shambani kwake. Hakuna aliyewahi kutuomba shilingi, na jioni tunaokota takataka zetu tunaondoka.

Mwaka jana tulifika saa nne asubuhi tukakuta mnyororo. Mlinzi ni kijana niliyemfundisha. Akanisalimia, "Shikamoo, Mwalimu," akainamisha macho, akasema ndani kuna sherehe ya mteja mpaka usiku. Nyuma yangu alikuwepo binti wa darasa la kwanza, amevaa gauni jipya la njano la sikukuu, amekumbatia hotipoti kwa mikono miwili maana ilikuwa nzito kwake. Akaniuliza, "Bibi, tumekosea siku?" Nikamwambia hapana, hatujakosea. Chapati zile tulizila tumesimama kando ya mtaro wa barabara, magari yakipita, na ilipofika saa saba mvua ikatutawanya.

Nikadhani ni bahati mbaya ya siku moja. Nikaanza kuandika kwenye daftari. Pasaka lilikuwa limefungwa. Idi limefungwa. Mwezi Oktoba wote, mijakaranda ikiwa imechanua, sikukuta hata Jumamosi moja lango liko wazi kwa mtu asiye na kadi ya mwaliko. Bustani inafunguliwa Jumanne asubuhi, wakati watoto wako darasani na wazazi wako shambani, sokoni na maofisini.

2. Wazee wamenyang'anywa jua.

Hili najua halimo katika ripoti yoyote, kwa hiyo naomba mlisome taratibu. Wapangaji wengi wa mambo haya huwaza kama watu wa Dar es Salaam, ambako bustani ni kivuli. Huku kwetu, Juni na Julai, bustani ni jua. Ninyi wenyewe mnaamka na baridi hiyo, na wenzetu wa Njombe na Makete wanaamka nyasi zikiwa nyeupe kwa sakitu. Nyumba zetu nyingi za matofali zinabaki na ubaridi ndani hadi mchana. Mzee anahitaji mahali pa wazi pa kuota jua kuanzia saa tatu asubuhi, pasipo na upepo, pakiwa na benchi la kuegemea na mwenzake wa kuzungumza naye.

Mahali hapo palikuwepo. Upande wa mashariki wa bustani, chini ya ukuta wa mawe, kulikuwa na mabenchi matatu ya mbao. Ukuta ule ulipata joto mapema na kulitunza. Wazee walikaa pale na makoti yao mazito na kofia za sufu, bao katikati, mwuza kahawa na karanga akipita na birika lake. Marehemu mume wangu alimaliza miezi yake ya mwisho ya kipupwe kwenye benchi la kati. Daktari alimwambia atembee kidogo kila siku, na pale ndipo alipoweza kufika bila kushikwa mkono.

Mabenchi yale yameng'olewa. Ukuta umeegemezwa kontena la vinywaji. Wazee watatu niliowauliza Julai sasa wanakaa wapi, wawili waliniambia hawatoki tena nyumbani.

3. Kiingilio.

Siku chache ambazo lango liko wazi mwisho wa wiki, mtu mzima analipa 1,000 na mtoto 500, na chakula cha kutoka nyumbani hakiruhusiwi. Mama mwenye watoto wanne anatoa 3,000 kabla hajanunua hata chupa ya maji. Mimi nimelipa mara mbili, na mara zote mbili sikupewa risiti. Fedha hiyo inaingia wapi? Ni swali ambalo Baraza la Madiwani lina haki ya kuliuliza kabla yangu.

4. Mijakaranda miwili imekatwa.

Mwaka 1986 nilikuwa nafundisha darasa la tano. Tulipewa miche na bwana miti, na wanafunzi wangu ndio waliochimba mashimo. Mwezi Mei mvua ilipokata, kila mtoto alikuwa na zamu yake ya kumwagilia. Walibeba maji ya mtoni kwenye makopo ya Kimbo yaliyotobolewa na kufungwa kamba, asubuhi kabla ya kengele, kiangazi kizima hadi Novemba. Miche kumi na miwili ilipandwa, ikapona minane. Wako watu wazima katika mji huu, wengine mafundi, wengine madereva, mmoja ni muuguzi, ambao bado wanaweza kukuonyesha mti wao.

Mjakaranda ulitoka mbali, Amerika ya Kusini, lakini umetulia katika nyanda hizi kama mwenyeji. Unachanua Septemba hadi Novemba, kabla ya mvua kushika kasi, wakati vilima bado vimekauka na macho yana kiu ya rangi. Maua yakidondoka, watoto huyakanyaga yakilia "pu!" na huo ni mchezo ambao haujawahi kumgharimu mzazi chochote. Maharusi walikuwa wakija kupiga picha pale bure. Walimu wa awali walileta watoto kuokota majani na kuyachora.

Aprili, miwili kati ya ile minane ilikatwa kwa msumeno wa mashine ili jukwaa lipate nafasi. Nilifika visiki vikiwa bado vina utomvu. Wa tatu umezungushiwa vitofali vya saruji hadi kwenye shina lenyewe, na mwaka huu umechanua tawi moja. Mti haunywi maji kwa shina, unanyonya kwa mizizi myembamba iliyosambaa mpaka pale kivuli chake kinapofika na hata kupita hapo. Ukiusakafia, mvua inapita juu na kwenda mtaroni. Naomba yule wa tatu uokolewe sasa hivi, mvua zikiwa zimeanza, kwa kuondoa vitofali angalau mita mbili kila upande.

5. Maji na ukoka.

Bomba la upande wa chini limefungwa tangu Mei. Ukoka umekufa pale panapowekwa mahema na viti, umebaki udongo mwekundu ambao ukinyeshewa unakuwa tope. Vitalu vya kana na waridi vimegeuzwa maegesho ya magari.

Hapa niseme jambo kuhusu miti mipya, maana mwaka huu tulialikwa kupanda. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni 1 Aprili. Viongozi walikuja, tukapanda, tukapigwa picha. Lakini kwetu mvua ni msimu mmoja, inaanza Novemba na kukata Aprili au Mei. Mche unaopandwa 1 Aprili unapata wiki chache tu za mvua, kisha unakabidhiwa kipupwe na kiangazi cha miezi sita. Bila bomba, miche iliyobaki ilikuwa ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mkulima yeyote wa huku angewaambia pandeni Desemba, mwisho katikati ya Januari, ili mzizi uwahi kushuka.

6. Muziki unapigwa hadi saa saba usiku, na choo cha umma kimefungwa kwa kufuli la pili. Haya mawili sina haja ya kuyaeleza zaidi.

Waheshimiwa, najua majibu yaliyoandaliwa, kwa sababu mengine nimeshayasikia kwenye korido.

Nitaambiwa halmashauri haina fedha ya kutunza bustani, ndiyo maana ikakodishwa. Naikubali shida hiyo. Sipingi harusi wala kipaimara kufanyika pale; mimi mwenyewe nimekula pilau za watu chini ya miti ile. Bustani ina upande wa chini, karibu na barabara, unaotosha hema la watu mia mbili na una mlango wake. Ukodisheni huo. Upande wa juu, wenye miti na ukuta wa mawe, ubaki wa watu wote siku zote. Na kama ni fedha, wekeni hesabu mezani tuione: kampuni inalipa kiasi gani kwa mwezi, na kati ya hicho, shilingi ngapi zimerudi kwenye ukoka na bomba? Mtu akiniambia bustani ilikodishwa ili itunzwe, nataka kuona palipotunzwa.

Nitaambiwa vijana waliiharibu ilipokuwa wazi. Ni kweli taa zilivunjwa na waya wa uzio ukaibwa. Lakini alikuwepo mlinzi mmoja mzee, mwenye filimbi na fimbo, aliyeijua kila familia hapa. Kwa miaka yote ya mzee yule taa ziliwaka. Uharibifu ulianza malipo yake yaliposimamishwa akarudi kijijini.

Nitaambiwa kuna mkataba, na mkataba hauvunjwi. Sijaomba uvunjwe. Naomba usomwe. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inatoa siku 30 za kumjibu mwananchi aliyeomba taarifa. Nimeomba tangu Juni. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 nayo hairuhusu eneo kuendelezwa au kubadilishiwa matumizi bila kibali cha mamlaka ya upangaji, na mamlaka hiyo ni ninyi. Kama bustani ya kupumzikia imekuwa ukumbi na baa kwa kibali, tuonyesheni kibali. Kama imekuwa hivyo bila kibali, basi mna nguvu zote za kurekebisha bila kunisubiri mimi. Ibara ya 27 ya Katiba inamtaka kila mtu alinde mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi. Ninapoandika barua hii natekeleza wajibu huo.

Na kuna jibu moja lililoniuma. Kiongozi mmoja aliniambia, "Mwalimu, Nyanda za Juu zimejaa vivutio, kwani lazima bustani ile?" Akanitajia Kitulo na maonyesho ya wakulima ya Nane Nane.

Kitulo naijua na naipenda. Wenyeji waliiita Bustani ya Mungu kabla haijawa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ni kilomita za mraba zipatazo 413 za tambarare ya maua, kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, yenye aina 45 za okidi za ardhini, na ni hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Mwenye nafasi akapande milima ile kati ya Desemba na Aprili akaone. Nilikwenda mara moja, na nilipoona mlima mzima umegeuka njano nilikaa chini nikashukuru. Lakini nilikwenda mara moja katika maisha yangu yote, kwa gari la msaada wa kanisa. Mama anayeuza nyanya sokoni hawezi kumpeleka mtoto Kitulo kila Jumapili. Bustani ya mtaani ndiyo Kitulo yake.

Nane Nane pia naipenda. Kila Agosti watu wa mikoa yetu wanafurika viwanja vya John Mwakangale pale Mbeya, na tazameni wanachofanya: pamoja na kuona trekta na ng'ombe, familia nzima zinatembea kati ya vipando, zinasimama kwenye kabichi na alizeti, zinapiga picha kwenye maua. Watu wanalipa nauli waende kutembea kwenye kijani kilichotunzwa. Kwenye kipando cha halmashauri yetu nilikuta kitalu cha waridi kizuri ajabu, kimepaliliwa, mche mmoja mmoja una kibao cha jina. Nilikisifu kwa kijana aliyekisimamia, na kwa moyo wote. Utaalamu huo tunao, na watumishi hao ni wetu. Nauomba urudi nyumbani baada ya tarehe 8 Agosti.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Bustani iwe wazi bila kiingilio, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, Jumamosi na Jumapili zote, na siku za sikukuu: Krismasi na siku inayofuata, Mwaka Mpya, Pasaka, Idi zote mbili na Nane Nane. Shughuli za kukodi zihamie upande wa chini, na muziki uzimwe saa nne usiku.

(b) Mkataba, pamoja na mapato ya mwaka huu, ubandikwe kwenye mbao za matangazo za halmashauri na za kata kabla ya tarehe 15 Desemba.

(c) Mabenchi matatu yarudishwe chini ya ukuta wa mawe, na kontena liondolewe, kabla ya kipupwe kijacho. Mbao si tatizo katika mikoa hii inayolisha nchi nzima kwa mbao. Fundi seremala wa mtaani kwetu, mmoja wa waliomwagilia ile miti mwaka 1986, amejitolea kazi ya mikono bure.

(d) Bomba lifunguliwe, na miti ipandwe Desemba hii. Kila halmashauri imeagizwa kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka. Ninaomba 30 tu kati ya hiyo ije bustanini. Isiwe milingoti, inakunywa maji yote. Iwe mijakaranda miwili mahali pa ile iliyokatwa, na iliyobaki iwe mizambarau na miti ya asili yenye kivuli na matunda ya ndege.

(e) Utunzaji ukabidhiwe kikundi cha vijana wa kata yetu. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani mnayotenga kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu inaweza kuwaanzishia kitalu cha miche na maua hapo hapo bustanini, wauze, na sehemu ya faida ilipe mlinzi.

(f) Iundwe kamati ndogo ya wakazi itakayokaa na afisa mazingira kila miezi mitatu. Mimi niko tayari kuhudumu bila posho.

Waheshimiwa, naomba jibu kwa maandishi. Likinifikia kabla ya tarehe 15 Desemba nitalisoma mbele ya wakazi kwenye mkutano wa mtaa, na kama ni la kushukuru nitawashukuru hadharani kama nilivyolalamika hadharani.

Tarehe 26 Desemba, saa nne asubuhi, nitakuwa langoni na watoto, pamoja na kamba, magunia na mpira. Binti yule wa gauni la njano ameshaniuliza mara mbili kama mwaka huu tutaingia. Nimemwambia nimewaandikia.

Wenu katika ujenzi wa mji wetu,

Mwalimu mstaafu, mkazi wa mtaa wa jirani na bustani.

Nakala:
Mtendaji wa Kata
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa
Wakazi wote